UZI: Nani anafaa kusamehewa kanuni? Twende tuulize runinga za hospitali

1/ Kila msimu wa mijadala swali hili lazima litoke: "Mbona kampuni fulani imesamehewa kanuni na sisi wengine tunabanwa?" Mmoja anasema huo ni ufisadi. Mwenzake anasema huo ni utu, kuna watu wangeumia. Wanarushiana maneno dakika kumi, mwelekezi anaita matangazo, na wewe hapo kwa kochi bado hujui nani ako sawa.

2/ Leo hatutaji mwanasiasa wala chama. Tuchukue kisa cha mbali, ambacho hakuna mtu hapa ana mjomba wake ndani: runinga za hospitali huko Marekani, wakati nchi ile ilikuwa inahama kutoka analogia kwenda dijitali. Ni kisa kidogo, lakini kina kila kitu tunachopigania huku. Mwisho tutarudi nyumbani, kwa Katiba yetu, Kifungu cha 210. Twende pole pole.

3/ Kwanza tukubaliane kuhusu maneno, manake kwa mijadala vitu vinne tofauti huitwa jina moja.

- Nyongeza ya muda: kanuni iko pale pale, tarehe tu ndiyo inasogezwa, kwa watu wote.
- Kuachwa nje ya kanuni: kanuni yenyewe imeandikwa wazi kwamba haiwahusu watu fulani.
- Msamaha wa kanuni: kanuni inakuhusu, lakini umeomba, umesikizwa, na umeandikiwa ruhusa ya kutoifuata.
- Kufumbiwa macho: hakuna ombi, hakuna barua, hakuna sababu. Unavunja na hakuna anayekuuliza.

4/ Ukisikia mtu kwa mjadala anasema "hata wao walisamehewa," muulize hapo hapo: ni kipi kati ya hivyo vinne? Vitatu vya kwanza vinaweza kuwa halali. Cha nne ndicho babu zetu walikitungia methali: penye udhia, penyeza rupia. Sasa tuingie kwa kisa chenyewe.

5/ Marekani iko na tume ya mawasiliano inayoitwa FCC. Kazi yake inafanana kwa kiasi na ya Mamlaka ya Mawasiliano hapa kwetu. Mwaka 1962 bunge lao lilipitisha sheria ya kuipa tume nguvu ya kudai kwamba kila runinga inayouzwa iweze kunasa chaneli zote. Sababu? Runinga nyingi wakati huo zilinasa sehemu moja tu ya mawimbi. Ukifungua stesheni kwa ile sehemu nyingine, unatangazia ukuta.

6/ Miaka 40 baadaye, 2002, tume ikaitumia sheria hiyo hiyo kwa dijitali. Ikaamua kila runinga iwe na kipokezi cha dijitali, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa mawimbi. Walianza na runinga kubwa za inchi 36 kwenda juu mwaka 2004, wakashuka kidogo kidogo. Mwanzoni zile ndogo za chini ya inchi 13 hazikuwa ndani. Mwaka 2005 zikaingizwa nazo. Tarehe ya mwisho kwa runinga zote: 1 Machi 2007.

7/ Shika hapo kwa runinga ndogo. Tutarudi.

8/ Mbona walazimishe? Kulikuwa na malengo mawili.

La kwanza ni mnunuzi. Mtu asiuziwe leo runinga ambayo kesho itakuwa kipofu. Ndiyo maana mwaka 2007 tume iliagiza pia maduka yabandike onyo kwa kila runinga ya analogia iliyobaki kwa rafu.

9/ Lengo la pili ni mawimbi yenyewe. Mawimbi ni kama shamba: hayaongezeki. Dijitali inabeba vipindi vingi kwa nafasi ndogo, kwa hivyo stesheni zikihama, shamba linabaki wazi. Marekani ilitaka chaneli 52 hadi 69 ziachwe. Sehemu moja ikapewa polisi, wazima moto na huduma za dharura. Nyingine ikapigwa mnada mwaka 2008, serikali ikapata takriban dola bilioni 19. Hiyo si pesa ya chai.

10/ Stesheni kubwa zilipangiwa kuzima analogia 17 Februari 2009. Serikali ilikuwa inagawa kuponi za dola 40 kusaidia watu kununua ving'amuzi, pesa za kuponi zikaisha, bunge likasogeza tarehe hadi 12 Juni 2009. Hiyo ni aina ya kwanza kwa orodha yetu: nyongeza ya muda, kwa sheria, kwa kila mtu, hadharani.

11/ Sasa ingia hospitalini. Runinga iliyo kando ya kitanda cha mgonjwa si ile ya sebuleni. Kwa hospitali nyingi za Marekani mgonjwa anashika kifaa kimoja kilichofungwa kwa waya, wanakiita spika ya mto. Sauti inatokea hapo karibu na sikio lake ili jirani yake alale. Vitufe vya chaneli viko hapo. Na kitufe cha kumwita muuguzi kiko hapo hapo.

12/ Yaani kwa mgonjwa ambaye anaweza kusogeza kidole tu, runinga na msaada viko kwa kifaa kimoja. Huwezi kwenda supamaketi ukanunua runinga yoyote ukaichomeka pale. Lazima iongee na mfumo wa kuita wauguzi, na iwe imepimwa kuwa salama kutumika hospitalini, karibu na mitungi ya oksijeni na mtu asiyeweza kukimbia.

13/ Kuna pia zile ndogo zinazoning'inia kwa mkono wa chuma, ambazo mgonjwa anazivuta hadi usoni. Hapo ndipo ile kanuni ya inchi 13 inagusa. Kwa runinga kubwa, kuongeza kipande kipya ndani si shida. Kwa kisanduku kidogo kinachokaa juu ya kifua cha mtu, kila kipande ni uzito, ni joto, na ni duru nyingine ya kupimwa usalama. Na soko lake ni dogo. Gharama hiyo haigawanywi kwa mamilioni ya wanunuzi.

14/ Jambo la mwisho la kiufundi, na ndilo muhimu kuliko yote. Hospitali kubwa haiweki antena kwa kila runinga. Kuna mtambo mmoja unaokusanya matangazo, halafu waya zinayasambaza vyumbani. Mtambo huo ukigeuza dijitali kuwa analogia pale mwanzoni, runinga za vyumbani zinaendelea kama kawaida. Kuzima analogia kuliwahusu warushaji wa mawimbi hewani. Waya zilizo ndani ya jengo hazikuguswa.

15/ Ndiyo tume ikaanza kuombwa iziachilie runinga maalum za hospitali. Hoja ya waombaji inaeleweka: mnatulazimisha tuweke kipande ambacho mgonjwa hatakitumia hata siku moja, bei itapanda, hospitali italipa, na mwisho wa siku anayelipa ni yule aliyelala kitandani.

16/ Hebu sasa tufanye kile ambacho kwa mijadala hakifanywi. Turudi kwa malengo mawili ya kanuni tuyapime.

Lengo la mnunuzi: anayenunua ni hospitali yenye mafundi wake na wanajua wananunua nini. Hakuna mama anayedanganywa dukani.

Lengo la mawimbi: runinga inayokula matangazo kwa waya haishiki hata inchi moja ya lile shamba.

Kwa hivyo maneno ya kanuni yanavunjwa, lakini sababu ya kanuni haiguswi.

17/ Hapo ndipo moyo wa uzi huu ulipo, ukipenda piga picha skrini: msamaha mzuri unavunja maneno ya kanuni ili kulinda sababu yake. Msamaha mbaya unahifadhi maneno huku ukiua sababu.

18/ Lakini ngoja. Usikubali haraka hivyo, manake upande wa pili pia uko na hoja zake.

Moja: kuna mtengenezaji aliyetii. Alitumia pesa, akabuni upya, akapima upya. Ukimsamehe mwenzake, unamwadhibu yeye kwa kuwa mtiifu.

Mbili: bidhaa zina miguu. Runinga iliyosamehewa kwa sababu ya hospitali inaweza kupatikana dukani mwezi ujao kwa bei ya kutupa, na tunarudi kwa yule mnunuzi tuliyetaka kumlinda.

19/ Tatu: hospitali hazifanani. Ile kubwa iko na mtambo wa kugeuza mawimbi. Kliniki ndogo ya mashambani labda iko na antena tu juu ya paa. Kwake hiyo runinga itakuwa kipofu siku analogia inazimwa.

Nne: wakati. Vipande vya kielektroniki hupungua bei na ukubwa kila mwaka. Hoja ya "ni ghali na hakitoshei" inaweza kuwa kweli leo na kuwa kisingizio miaka mitano baadaye.

20/ Unaona vile hakuna haja ya kumwita mtu mwizi? Hoja zote nne zinajibika kwa masharti: ziuzwe kwa hospitali peke yake, ziwekewe maandishi ya onyo, msamaha uwe na tarehe ya kuisha, na mwingine yeyote mwenye hali kama hiyo aruhusiwe kuomba. Mjadala mzuri ungekuwa juu ya masharti hayo. Wetu huwa juu ya ukoo wa mwombaji.

21/ Sasa mahakama. Wamarekani walishapigana vita hivi kortini, na kesi mbili zinafaa ujue.

Ya kwanza ni ya 1969, WAIT Radio dhidi ya FCC. Redio ya Chicago iliruhusiwa kutangaza mchana tu. Ikaomba kutangaza pia usiku, ikaahidi kuelekeza mawimbi yake yasigongane na ya wengine. Tume ikaitupilia mbali. Mahakama ya rufaa ikasema: hamwezi kulitupa ombi kama karatasi ya kufungia maandazi. Lazima mliangalie kwa makini na mtoe sababu.

22/ Kesi hiyo ndiyo ilizaa kipimo kinachotumika hadi leo: msamaha unafaa pale ambapo kuna hali ya kipekee NA kuachilia kunafaidi umma. Si kimoja tu, vyote viwili. Shida yako peke yake haitoshi, hata kama ni ya kweli.

23/ Ya pili ni ya 1990, Northeast Cellular dhidi ya FCC. Hapa tume ilifanya kinyume: kampuni iliyokuwa inaomba leseni ya simu haikutimiza kanuni ya kuthibitisha uwezo wake wa kifedha, tume ikaisamehe. Mahakama ikaukataa msamaha huo. Kosa halikuwa kusamehe. Kosa lilikuwa kusamehe bila kipimo kinachoeleweka, ambacho mwombaji mwingine angeweza kukitumia kesho.

24/ Ziweke kesi hizo pamoja. Ya 1969 inamlinda mwombaji dhidi ya ofisi yenye masikio ya mbao. Ya 1990 inatulinda sisi dhidi ya ofisi yenye moyo mwepesi kwa marafiki. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

25/ Kuna atakayeuliza: kwani runinga na hospitali zina shida gani kubwa hivyo? Sikiza hii.

27 Februari 1998, jijini Dallas, stesheni moja ilianza kujaribu matangazo ya dijitali kwa chaneli 9. Kwa hospitali kubwa hapo mjini, mashine zisizo na waya za kufuatilia mapigo ya moyo zikaanza kupoteza mawasiliano. Zilikuwa zinatumia mawimbi ya hiyo hiyo chaneli iliyokuwa tupu hadi siku hiyo. Stesheni ilipoambiwa, ikazima. Hakuna mgonjwa aliyeumia.

26/ Zingatia: hakuna aliyevunja sheria. Stesheni ilikuwa na kibali. Hospitali nazo ziliruhusiwa kutumia chaneli tupu, mradi zisidai ulinzi mwenye chaneli akija. Kanuni ilikuwa imeandikwa na watu waliofikiria sebule. Hakuna aliyefikiria wodi.

27/ Na hapa ndipo napenda walivyolitatua. Hawakuipa hospitali moja barua ya siri. Mwaka 2000 tume ilitenga mawimbi maalum kwa vifaa vya kufuatilia wagonjwa, pamoja na chaneli 37, ambayo stesheni za runinga hazitumii. Kila hospitali nchini ikanufaika, hata ile ambayo haikuwa na wakili.

28/ Somo la Dallas: msamaha ni dawa ya mtu mmoja mwenye hali ya kipekee. Watu ishirini wakija na ombi lile lile, ujue mgonjwa ni kanuni yenyewe. Irekebishe kwa wote. Ukiendelea kugawa barua mmoja mmoja, atakayepona ni mwenye kujua mlango wa kubisha.

29/ Na mfano wa muda unavyoteleza: stesheni ndogo zenye nguvu hafifu ziliachwa nje ya ile tarehe ya Juni 2009. Ni aina ya pili kwa orodha yetu. Zikawekewa tarehe ya 2015. Ikasogezwa. Zilizima hatimaye 13 Julai 2021, na Alaska ikaongezwa miezi mingine. Miaka 12! Kulikuwa na sababu, pamoja na mipango mipya ya mawimbi, na sitaki kusema ni njama. Nasema tu: "kwa muda" bila tarehe ngumu huwa ni wimbo wa kubembelezea mtoto.

30/ Haya, turudi nyumbani. Sisi pia tulihama. Matangazo ya dijitali yalizinduliwa hapa Desemba 2009. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilikuwa limeweka 17 Juni 2015 kama tarehe ya mwisho kwa nchi nyingi, sisi tukiwemo. Kisha tukaingia kortini, kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu.

31/ Februari 2015, baada ya Mahakama ya Juu kukataa ombi la vyombo vya habari, mitambo ya analogia ikazimwa, na stesheni kubwa za kibinafsi zikatoweka kwa karibu wiki tatu. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi, tunakumbuka tu skrini ya chenga. Wenye stesheni walisema wanahitaji muda wa kukamilisha mitambo na ving'amuzi vyao. Upande wa serikali ulisema muda umekuwepo tangu 2009.

32/ Sisemi nani alikuwa sawa, uzi si wa hiyo. Nasema angalia swali lililopotea katikati. Tulibishana kama stesheni ni wakaidi au serikali ni dikteta. Ni wachache waliouliza: je, ni nani hasa akiongezewa muda hakuna lengo linaloharibika, na ni nani akikatiwa leo ataumia bila faida kwa yeyote? Mzee wa kijijini aliyetegemea stesheni moja kupata habari hakuwa na wakili kwa kesi hiyo.

33/ Sasa Katiba. Kwa ushuru na ada za leseni, Kenya iko na kifungu kikali ambacho watu hawakisomi: 210. Kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni inayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Sheria ikiruhusu msamaha, mambo mawili ni lazima: kumbukumbu ya umma ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na kila msamaha kuripotiwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali pamoja na sababu.

34/ Soma tena: KILA msamaha, PAMOJA NA SABABU. Katiba haikusema misamaha ni haramu. Imesema msamaha wa gizani ni haramu. Na 210(3) inaongeza kwamba hakuna sheria inayoweza kumwondolea afisa wa serikali ushuru kwa sababu ya cheo chake au aina ya kazi yake.

35/ Kwa kanuni zisizo za ushuru, mfano za vifaa, leseni na viwango, 210 haigusi moja kwa moja. Hapo shika Kifungu cha 47: haki ya uamuzi wa kiutawala ulio halali, wa haki na wa haraka, na ukiathirika vibaya, upewe sababu kwa maandishi. Shika pia cha 35, haki ya kupata habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ikinyamaza, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

36/ Mfano wa kwetu: 2017, wakati wa ukame, serikali ilifungua dirisha la kuingiza mahindi na sukari bila ushuru. Lengo lilikuwa wazi, unga ushuke bei. Ukipima kwa kipimo chetu, maswali ni haya: mzigo uliingia kwa tarehe za dirisha au baada yake? Bei ilishuka kwa mnunuzi, au tofauti ilibaki mfukoni mwa mwagizaji? Mkulima wa hapa alilindwa vipi dirisha lilipofungwa? Hayo ni maswali ya rekodi. Si ya kupiga kelele.

37/ Kwa hivyo weka haya maswali matano kwa simu yako. Siku ingine mtu akisema "msamaha" kwa mjadala, yatoe:

1. Kanuni hii ililenga nini hasa?
2. Msamaha unaharibu lengo hilo, au unaliacha salama?
3. Mwingine mwenye hali kama hiyo anaweza kuomba na kupata?
4. Unaisha lini, na masharti yake ni yapi?
5. Umeandikwa wapi nikausome?

38/ Jibu la swali la tano likiwa "ni siri," hayo mengine manne hayana maana. Na jibu la tatu likiwa "hapana," huo si msamaha tena. Hiyo ni zawadi.

39/ Chunga pia mitego miwili ya lugha.

Wa kwanza: "tunafanya hivi kwa sababu ya wagonjwa." Hospitali, yatima, mkulima mdogo, hawa ni ngao nzuri sana. Uliza mgonjwa anapata nini, kwa shilingi au kwa huduma. Kwa runinga za hospitali unaweza kufuata mstari kutoka kwa kanuni hadi kitandani. Kama mstari haufiki kitandani, mgonjwa ametumika kama bango.

40/ Wa pili: "sheria ni sheria, hakuna wa kipekee." Inapendeza masikioni, lakini ni uvivu. Kanuni iliyoandikwa kwa sebule ikilazimishwa kwa wodi bila kusikiza mtu, huo si usawa. Usawa ni kuwapima wote kwa kipimo kimoja kilichotangazwa, na kumsikiza kila anayekuja na hali yake.

41/ Ndiyo maana kisa kidogo cha runinga kinastahili uzi mrefu hivi. Siku moja itakuwa mashine ya kusafisha figo, chanjo, au umeme wa hospitali ya kaunti. Kutakuwa na mtu anayehitaji kweli kuachiliwa, na mwingine amesimama nyuma yake kwa foleni amevaa koti la daktari aliloazima. Tukikosa maswali, tutawafukuza wote wawili au kuwapitisha wote wawili. Na mara zote mbili mgonjwa ndiye atakayelipa.

42/ Mwisho wa uzi. Niambieni hapa chini: ni msamaha gani ulitangazwa kwa kaunti yenu, na mliwahi kuona sababu yake kwa maandishi? Msitaje majina ya watu, tajeni kanuni. Wiki ijayo tutaangalia kwa nini kila kaunti inalia kwamba pesa zimechelewa. Sambaza kama umejifunza kitu.